Mbuzi Kumi wa Ayeeyo Anab

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Ruweyda alibeba mitungi miwili ya njano na kwenda kisimani. Katika mji mdogo wa Elgudud, ulio kati ya Tarbaj na Elwak, kisima kilikuwa kimoja na mashine ya kuvuta maji ilikuwa moja, kuukuu, yenye kiburi cha ajabu. Ilipotaka ilinguruma. Isipotaka ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na foleni nzima ikanyamaza nayo. Hapo Warsame, mwendeshaji wake, alivua kofia, akashika spana na kuanza kuibembeleza na kuitukana kwa zamu.

Warsame alikuwa na daftari lenye madoa ya dizeli. Kila alipowasha mashine aliandika saa, na kila ilipozima aliandika tena, kwa sababu kamati ya maji haikumpa hata lita moja ya dizeli bila maandishi. Ruweyda alipenda kuchungulia daftari hilo akisubiri zamu yake. Kulikuwa na mengi ya kusoma, maana zamu yake mara nyingi ilifika wakati wenzake wa Gredi ya Saba wameshaanza somo la pili.

"Nitavumilia jilaal hii," alisema Ayeeyo Anab, bibi yake, asubuhi moja ya kiangazi hicho kikali. "Lakini tusipopata kisima cha pili, kiangazi kijacho hakitatukuta hapa. Tutahamia Lafey kwa ndugu zangu, na wewe utakwenda nasi. Mifugo haiwezi kungoja mtu amalize shule."

Ruweyda aliichukua mitungi yake. Alimjua bibi yake. Akisema jambo, amelisema.

Kila mwaka, kabla ya bajeti kuandikwa, maafisa wa kaunti huja kuwauliza wakazi wanataka mradi gani. Mwaka huo pesa zilikuwa za kisima kimoja tu, na miji iliyokitaka ilikuwa mitatu. Kwa hiyo maafisa walileta fomu ili kujua kila mji una watu wangapi na mifugo mingapi, kisima kiende mahali penye kiu zaidi. Watu wazima wengi wa Elgudud hawakuzoea kalamu, basi Mwalimu Osob akawagawia wanafunzi wake fomu kumi kumi, wakazijaze nyumba kwa nyumba.

Ruweyda alianza na nyumba yao.

"Andika mbuzi kumi," alisema Ayeeyo Anab. "Ngamia wawili."

"Ayeeyo, lakini mbuzi wetu..."

"Mali haitajwi mbele ya watu! Unataka jicho la watu liwaangukie? Na hawa wa serikali, leo wanahesabu, kesho watadai kodi. Andika kumi."

Ruweyda alijua kwamba kumi si kweli. Kila jioni alipowaingiza mbuzi zizini aliwaita kwa majina, na majina hayo yalipita themanini. Hata hivyo aliandika kumi. Nyumba ya jirani waliandikisha wanane, na ile ya tatu sita, huku mbuzi wakilia nyuma ya ua kana kwamba wanabisha. Chini ya kila fomu palikuwa na maneno haya: "Nathibitisha kuwa niliyoandika ni kweli." Ruweyda alitia sahihi yake mpya, ile yenye mkia mrefu aliyoifanyia mazoezi wiki nzima, mara kumi. Alijiambia kwamba wakubwa ndio waliosema na yeye aliandika tu. Kila mwanafunzi wa darasa lake alijiambia hivyo hivyo.

Mkutano ulifanyika Jumamosi alasiri katika uwanja wa shule, chini ya turubai. Afisa wa mipango, Bwana Yakub, alikuwa mzaliwa wa Garissa na Kisomali alikijua vizuri, lakini makaratasi ya serikali aliyasoma kwa Kiswahili, nao wazee wakamjibu kwa Kiswahili chao.

"Elgudud," alisoma. "Nyumba mia moja na arubaini. Watu elfu moja. Mbuzi elfu moja na mia mbili. Ngamia tisini."

Wazee walitikisa vichwa taratibu kukubali. Wengine walificha tabasamu katika ndevu zao.

"Kwa hesabu hii," aliendelea Bwana Yakub, "kisima mlicho nacho kinawatosha. Ninyi nitawaombea tangi moja la plastiki. Kisima kipya kitakwenda mji mwingine."

Tabasamu zilikauka. Ghafla watu wote walizungumza kwa pamoja. Bwana Yakub aliinua mkono.

"Sikatai kwamba mna shida. Lakini nionyesheni kwa maandishi. Saa kumi kamili naifunga orodha ya miradi, na nikishaifunga, haifunguliwi."

Kila mtu alijua dawa ilikuwa kusema ukweli, na kila mtu alimtazama jirani yake aseme kwanza. Nani angekiri mbele ya mji mzima kwamba ana mali mara nane ya aliyoandikisha? Hatimaye Mzee Aden, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisimama.

"Sisi tunajua mali yetu," alisema. "Hii makosa ni ya watoto. Wameandika mbaya. Mwalimu amewafundisha nini hawa?"

"Kweli kabisa!" sauti zikaitikia. "Mwalimu ndiye mwenye makosa!"

Mwalimu Osob aliinamisha kichwa. Angeweza kuwataja wote, nyumba kwa nyumba, lakini hakumtaja hata mmoja. Ruweyda alimwona akikunja ncha ya shungi lake, akikunja na kukunjua, na moyo ukamuuma. Akainuka.

"Kaa chini, wewe," alinong'ona Ayeeyo Anab, akigonga fimbo ardhini.

"Mwalimu hana kosa," alisema Ruweyda. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Mwalimu hana kosa! Sikukosea kuandika. Niliandika nilichojua si kweli, kisha nikatia sahihi kwamba ni kweli. Fomu kumi zote. Kosa hilo ni langu."

Bwana Yakub alimtazama kwa makini. "Basi ukweli ni upi?"

Macho ya mji mzima yalimgeukia. Akitaja hesabu ya zizi lao, atamwaibisha bibi yake mbele ya watu. Asipoitaja, atakuwa amesimama bure, na kiangazi kijacho yuko Lafey nyuma ya ngamia, vitabu amevifungia sandukuni.

"Mali ya mtu siwezi kuitaja, si yangu," alisema polepole. "Lakini maji tunayovuta si siri ya nyumba yoyote. Warsame anayaandika kila siku. Daftari liko kisimani."

Bwana Yakub aliangalia saa yake. "Ni saa kumi kasorobo. Sitangoja hata dakika moja zaidi."

Ruweyda alitoka mbio. Ndala moja ilimchomoka mguuni, akaiacha mchangani na kuendelea. Mchanga ulimchoma wayo, pumzi zikamkata, na kisimani akamkuta Warsame katikati ya ngamia waliokuwa wakisukumana kwenye birika.

"Nipe daftari, adeer, ami yangu! Kisima cha pili kinatuponyoka!"

"Likipotea kamati itanifukuza!"

"Likibaki hapa, sote tutahama, na mashine hii utabaki nayo peke yako!"

Warsame aliitazama mashine. Ikamkoholea. Akampa daftari.

Ruweyda alirudi akiwa na hakika amechelewa. Lakini chini ya turubai alikuta jambo ambalo watu wa Elgudud husimulia mpaka leo. Ayeeyo Anab alikuwa ameketi katika kiti cha afisa wa mipango, amelikumbatia faili la miradi kwa mikono yote miwili.

"Mama, tafadhali nipe faili langu," alisihi Bwana Yakub. "Zimebaki dakika mbili!"

"Bole bole, mtoto yangu. Mimi mzee. Mikono imekufa ganzi."

Alipomwona mjukuu wake, mikono ikapona papo hapo.

Bwana Yakub alifungua daftari na kuanza kupiga hesabu. "Mwezi huu mzima mashine imefanya kazi saa kumi na nane kila siku," alisema hatimaye. "Kwa lita elfu sita kila saa, hiyo ni zaidi ya lita laki moja kwa siku. Watu na mifugo mliyoniandikia hawamalizi hata elfu thelathini. Hizo nyingine mnawanywesha fisi?"

Mtu mmoja alicheka, kisha kumi, kisha uwanja mzima, Mzee Aden akiwamo, ingawa aliangalia chini kwa haya. Bwana Yakub alichukua kalamu, akafuta neno "tangi" na kuandika "kisima" huku sekunde zikiisha.

"Sasa hizi fomu zijazwe upya, leo leo," alisema. "Mtaingia darasani mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Hapa nje nitasoma jumla ya mji peke yake."

Ayeeyo Anab aliingia wa kwanza. Alimwinamia Bwana Yakub sikioni akanong'ona, na nyusi za afisa huyo zikapanda juu. Ruweyda, aliyeingia naye, aliandika fomu yao. Alipofika mahali pa sahihi alisita, akasoma yote tangu mwanzo, kisha akaitia.

Mwezi wa Juni bajeti ilipitishwa. Orodha ya miradi ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, na Ayeeyo Anab alitaka asomewe mstari wao mara tatu. Kisima kimoja, Elgudud.

"Kwa hiyo hatuhami?" aliuliza Ruweyda.

"Nani alisema tunahama?" Bibi akaegemea fimbo yake, kisha uso wake ukabadilika. "Nisikilize, Ruweyda. Siku ile nilikukasirikia mpaka nikatetemeka. Nilitaka kuwaficha mbuzi wangu wasionwe, kumbe niliificha na kiu yao. Nani atamletea maji mbuzi ambaye nimesema hayupo? Na wewe nilikufundisha kuandika uongo, kisha nikataka mwalimu wako aubebe. Usiandike tena neno usiloweza kusimama nalo mbele ya watu, hata kama ni mimi ninayekuambia uandike."

"Sitaandika, Ayeeyo."

Walitembea kidogo. Kisha bibi akamwinamia na kushusha sauti.

"Na ile hesabu ya zizini. Hukumwambia mtu?"

"Sikumwambia hata mmoja."

"Vizuri," alisema Ayeeyo Anab. "Sasa nenda shule, umechelewa."