Upepo wa Jumatano

Mnara wa kupimia upepo ulianguka Jumatano alfajiri, katikati ya msitu wa kijiji cha Mtandanga, na saa sita mchana, Salima Likwata aliposhuka kwenye bodaboda akitokea Somanga kumuuguza shangazi yake, baba yake alikuwa ameshafungwa pingu.

Mita themanini za chuma! Mwaka mzima mnara ule ulichungulia juu ya miti yote, na sasa umelala chali msituni. Mzee Likwata ndiye alikuwa mlinzi wake. Kila siku, adhana ya alfajiri ikilia, huteremka msikitini akaswali, kisha hurudi lindoni, na hakuna mtu Mtandanga asiyelijua hilo. Safari hii alirudi akakuta vumbi. Nyaya za upande wa kusini, zilizoushikilia mnara usiyumbe, hazikukatwa. Zilifunguliwa kwa spana, nati moja baada ya nyingine, na spana ya kazi hiyo ilikuwa imetundikwa kibandani kwa mzee. Koplo Francis hakutaka kusikia zaidi.

"Sikuufungua mimi, mwanangu," mzee alisema kutoka nyuma ya gari la polisi. "Lakini nani atanisikia?"

Salima alikuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, mwanamke asiyekopesha maneno, lakini pale aliishia kulifuata gari kwa macho. Nyumbani alimkuta mdogo wake Esha kizingitini, macho yamevimba. Mifuko miwili ya salfa, dawa ya mikorosho, iliyokuwa ipulizwe asubuhi ile, ilikuwa bado imeegemea ukuta, haijafunguliwa hata kamba. Salima aliipita bila kuuliza.

Saa nane Nassibu akaja kutoa pole.

Nassibu alikuwa mwenyekiti wa kamati, na kwa Salima alikuwa zaidi ya hapo. Ndiye aliyemfundisha doria, jinsi ya kutazama kisiki akajua kimekatwa lini. Mzee Likwata alikuwa kungwi wake jandoni, akambeba mgongoni aliposhikwa na homa, na tangu hapo Nassibu hakumwita kwa jina jingine ila Baba. Alikaa kwenye mkeka, kifua cha shati lake manjano tupu kwa salfa, akanywa chai vikombe viwili, akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Dada, mshauri Baba akiri tu," akasema. "Aseme alilegeza nyaya kwa bahati mbaya. Kwa umri ule watamhurumia. Akibisha, atafia ndani."

Salima alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru, na usingizini aliendelea kumshukuru. Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko yote.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa kituoni. Koplo Francis alimweleza kwamba jalada linakwenda mbele Ijumaa mchana, na likishakwenda, mzee naye anakwenda. Hakuwa mtu mbaya Koplo, ila alikuwa na haraka, na alikuwa na miezi miwili tu tangu ahamishwe kutoka Bukoba. Salima alimuuliza kama kuna mwingine aliyehojiwa. Koplo, ili aonekane hakulala kazini, akamsomea maelezo ya watu wawili.

Wa kwanza alikuwa Benedikto, mfuga nyuki, aliyegombana na wenye mnara kwa kuangusha miti iliyokuwa na mizinga yake. Aliwahi kusema mbele ya watu kwamba chuma kile kitaanguka kama miti yake ilivyoanguka. Wa pili alikuwa Nassibu, kwa kuwa shamba lake limepakana na msitu. Yeye alieleza kuwa tangu saa kumi alfajiri hadi saa moja asubuhi alikuwa shambani akipuliza salfa.

"Nguo zake nimeziona kwa macho yangu," Koplo akasema. "Kazi ngumu hiyo. Kwetu sisi ni migomba, hatuna mambo ya unga."

Salima akaondoka na jina moja tu kichwani, Benedikto, na hasira zilizomtangulia njia nzima. Alimkuta mnarani akiokota masega. Akamwambia yote aliyokuwa nayo moyoni, na mengine ambayo hakuwa nayo. Benedikto alimwacha amalize.

"Mnara uliangukia upande gani?" akauliza taratibu.

Salima akatazama. Mnara ulikuwa umelala kuelekea kaskazini, na chini yake mizinga saba ya Benedikto ilikuwa imesagika, nyuki wakizunguka wasijue pa kwenda.

"Ukifungua nyaya za kusini, hata mtoto anajua utaangukia huku," akasema. "Hii saba ndiyo iliyobaki. Mimi nijiangushie mwenyewe?"

Salima akamwomba radhi, akainama kumsaidia kuokota.

Saa sita kasoro fundi wa mnara, kijana aitwaye Clemence, alifika na mkoba wake. Hakuutazama sana mnara. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku kilichokuwa kimefungwa karibu na ardhi, kile kinachonakili kasi ya upepo kila baada ya dakika kumi, akakiunganisha na kompyuta.

"Kipo kizima," akasema. "Umeanguka saa kumi na moja na dakika hamsini. Na aliyeuangusha alichagua siku. Tangu saa tisa usiku kusi, upepo wa kusini, limevuma bila kupumzika. Yeye alifungua tu, upepo ukamsukumia."

"Huko juu," Salima akasema.

"Hata chini. Kuna kipimo kingine usawa wa miti. Upepo ulikuwa mkali mpaka mnara unaanguka."

Salima akakaa juu ya gogo.

Watu wa mikorosho hawahitaji kuelezwa, lakini Koplo wa Bukoba angehitaji. Salfa ni unga. Hupulizwa alfajiri, umande uko juu ya majani na upepo umelala kabisa, ili unga ushike ua la mkorosho. Upepo ukivuma, mtu anageuza ubavu alale. Kupuliza salfa kwenye kusi ni kuimwaga. Salima akampigia simu Esha, akamuuliza kwa nini jana hawakupuliza.

"Kwa upepo ule, dada?" Esha akashangaa. "Kijiji kizima hakuna aliyewasha mashine."

Clemence alikuwa akifunga mkoba. Akasema kwa masikitiko kwamba zile picha alizoombwa ndiyo basi tena. Picha! Mwezi uliopita, akiwa juu kabisa ya mnara, Clemence aliona kipara bondeni upande wa magharibi, mahali miti imekatika. Salima alimwomba akipanda tena Alhamisi hii akipige picha. Na Jumanne, kabla hajapanda bodaboda kwenda Somanga, alikuwa amempasha habari mtu mmoja tu, kwa furaha, kwa kuwa ni mwenyekiti wake.

Alilia pale pale, mbele ya wanaume wawili, wala hakujificha.

Alasiri wakateremka bondeni wote watatu. Walihesabu visiki thelathini na minane vya mninga. Magogo yaliyosubiri kusombwa yalifunikwa matawi, na kila gogo lilikuwa limegongwa alama ya nyundo ya kijiji, ile inayothibitisha mti umekatwa kihalali. Nyundo hiyo hukaa na mwenyekiti.

Ijumaa saa tatu asubuhi wakakutana ofisi ya kijiji, pamoja na Koplo aliyeitwa na Salima. Nassibu aliingia akitabasamu, akamuuliza Salima kama mzee ameshakubali kukiri.

"Kaka," Salima akasema, "Jumatano ulipuliza safu ngapi?"

"Nne hivi. Kwani vipi?"

"Na unga ulikwenda wapi?"

Clemence akageuza kompyuta, akamwonyesha Koplo mstari wa upepo, na Salima akaeleza habari ya salfa polepole, kama anayemfundisha mgeni. Koplo akavua kofia. Akaomba kabati la ofisi lifunguliwe. Wenye mnara walitoa spana mbili, moja kwa mlinzi, ya pili kwa kamati, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Nassibu. Spana ilikuwa mahali pake, imelowa grisi mbichi ya nyaya. Ile ya kibandani kwa mzee, Koplo akakumbuka, ilikuwa kavu, ina utando wa buibui.

"Salfa ulijipaka mwenyewe," Salima akasema.

"Nilijua askari huyu si wa mikorosho," Nassibu akajibu, akitazama sakafu. "Sikutegemea wewe ungesomewa maelezo yangu." Kisha sauti ikampanda. "Miaka tisa nalinda miti ya watu! Nimepata nini? Nilisema nitakata michache, nikaona hakuna anayeona. Mpaka likaja lile lichuma, mtu anapanda anaona kila kitu."

"Na Baba?"

"Sikuwa na mwingine wa kumtupia lawama."

"Ulikunywa chai yangu, Nassibu. Ukaniambia nimshauri akiri, na mimi nikakushukuru."

Koplo akatoa pingu.

Saa tano walikuwa kituoni. Mlango wa mahabusu ulikuwa mmoja, kwa hiyo mzee alikuwa akitoka na Nassibu akiingia. Wakakutana ana kwa ana. Nassibu, kwa mazoea ya tangu jandoni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba."

Salima hakuwahi kumwona baba yake akiiacha shikamoo ya mtu. Aliitikia za walevi, za watoto, hata za waliomkosea. Mzee Likwata alifungua kinywa, akamtazama yule aliyebebwa naye mgongoni. Kisha akakifunga, akapita.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, aliuliza kama mikorosho imepulizwa. Salima akasema bado.

"Basi kesho," mzee akasema. "Upepo ukilala." Akajifuta uso kwa kofia yake, wakaondoka.