Baba wa Kubuni

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shule, akavua sare, akashika ufagio. Baba yake alikuwa kinyozi, na nywele za mtaa mzima ziliishia sakafuni pake. Msichana huyo wa miaka kumi na tatu alifagia kwa mikono na kufoka mashairi kwa mdomo, mashine ya kunyolea ikimvumia kama ngoma. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye daftari la shule tu. Ungemwitaje mtoto asiyenyamaza hata akipiga mswaki?

“Bosi na mchukuzi, kwa baba wote huinama,
Wembe haujui cheo, kichwa ni kichwa, tazama!”

Wateja walipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa mzee aliyeitwa Upara, ambaye hakuwa na unywele hata mmoja lakini hakukosa kuja.

“Mimi huja kutazama wenzangu wakipungukiwa,” alisema.

Siku ya Jumanne, Mtayarishaji, kijana aliyerekodi nyimbo nyumba ya tatu kutoka pale, aliomba amrekodi Chiriku. Baba alimfikisha binti yake hadi mlangoni, akarudi kwa wateja. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili sauti isitoroke.

Mtayarishaji alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akakuna kidevu.

“Sauti unayo. Lakini kinyozi! Nani atamlilia kinyozi? Machozi ndiyo yanayouza, mdogo wangu. Shika hii.”

Akampa karatasi:

“Baba alitukimbia na chupa, tukalala barazani,
Njaa ndiyo iliyonilea, sina wangu duniani.”

“Lakini kaka, baba yupo. Leo asubuhi tumekunywa naye chai.”

“Huu ni wimbo, si kiapo cha mahakamani! Imba, na Jumamosi saa kumi utasikika redioni, kisha nikutolee albamu. Ukikataa, nina watoto wengine wanaoutaka.”

Redioni! Chiriku alimeza mate. Akaimba, tena akatia na kilio kidogo kwenye kibwagizo. Mtayarishaji aliruka kwa furaha.

Jioni Baba aliuliza, “Mmerekodi ule wangu?”

“Mm,” alijibu Chiriku, macho kwenye ufagio.

Ile “mm” ndiyo iliyomponza. Baba hakulala na habari hiyo. Alimwambia muuza maji, fundi viatu, na hata watu waliokuwa wamepotea njia na kusimama kuuliza. Alibandika tangazo kwenye kioo: JUMAMOSI SAA KUMI, BINTI YANGU REDIONI, NJOONI WOTE. Chiriku, ambaye chakula hakikuwahi kumshinda, akaanza kuacha chakula kwenye sahani.

Jumamosi saa tisa na nusu duka lilifurika. Wengine walikaa juu ya ndoo. Upara alivaa koti. Redio ilikuwa katikati ya meza, imefutwa vumbi, imetulia kama bibi harusi.

Chiriku alimvuta Baba kwa mkono hadi uani, taulo zilipoanikwa.

“Baba, si ule wako. Ndani yake wewe ni mlevi. Umetutupa.”

Akamghania ile mistari miwili. Baba alishika taulo iliyokwisha kukauka, akaikamua.

“Barazani pa nani?” aliuliza hatimaye.

“Sijui, Baba.”

“Mimi, ambaye hata dawa ya kikohozi hunipa kizunguzungu.” Hakucheka. “Na wale humo ndani, nimewaita mwenyewe.”

“Nisamehe, Baba. Nilitaka nisikike. Nataka kwenda kuuzuia.”

Baba alitazama saa. Kituo cha redio kilikuwa mitaa mitatu mbele.

“Upara! Nishikie duka!”

“Nimnyoe nani?”

“Usimguse mtu!”

Wakatimua mbio, baba na mwana, aproni ya kinyozi ikipepea. Walifika zikiwa zimesalia dakika nne. Mtayarishaji alikuwa ameketi karibu na mtangazaji, mama mmoja mwenye miwani.

“Shikamoo, mama. Tafadhali usiupige ule wimbo,” Chiriku alisema akihema. “Ni uongo.”

“Una wazimu?” Mtayarishaji aling’aka. “Huu ungekufikisha mbali!”

“Ungenifikisha, kaka. Lakini baba yangu angebaki hapa, watu wakimnyooshea kidole.”

Mtangazaji alivua miwani. “Sasa mimi niweke nini hewani? Kikohozi?”

“Nitaghani mwenyewe. Nipigie meza tu.”

Saa kumi ilipogonga, vidole vya mtangazaji vilidunda mezani, na Chiriku akatunga palepale:

“Nilipewa baba wa kubuni, mlevi wa kuuzika,
Wangu kasimama mlangoni, jasho lamtiririka!”

Mtangazaji aliangua kicheko, na mtaa mzima ukamsikia. Mtayarishaji alikusanya vifaa vyake akaondoka amenuna. Albamu aliyokuwa ameahidi ikaondoka naye.

“Wamepiga simu watu watatu tu,” Chiriku alisema walipotoka nje.

“Watatu waliosikia kweli.” Baba alijifuta uso kwa aproni. “Sikiliza, mwanangu. Nikimnyoa mtu vibaya, baada ya wiki mbili nywele zimeota, naye amenisamehe. Jina la mtu ukilinyoa vibaya, halisikii mkasi wala mafuta, halioti upesi. Uza nyimbo zako, nami nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini uza ulicho nacho. Usiwauze watu wako.”

“Nimeelewa, Baba.”

“Na siku nyingine ukitaka kuniambia ‘mm’, niambie neno zima.”

Chiriku alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, alisikia njaa.