Mguu wa Baldomero Guenteo

Magharibi ile nilipanda farasi kwenda kumfunga Baldomero Guenteo kidonda kwa mara nyingine, na nilikuwa nimekasirika hata kabla sijafika. Mwaka ule wa 1909 nilikuwa daktari pekee upande wetu wa kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile. Mvua ilininyea, tope lilimfika farasi magotini. Na nilijua nitakachokikuta.

Nilikikuta. Bandeji haipo. Kidonda cha muundini ki wazi, kinanuka.

Nilimgombeza mkewe, Zoila. Nilimwambia nimechoka kufunga na yeye kufungua. Mguu ukioza nitaukata. Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema si yeye. Kuna mtu huja jua likizama, huyo ndiye anayefungua. Majirani wanajua, ndiyo maana hawaji tena.

"Basi leo atanikuta," nikasema.

Nikakisafisha kidonda, nikatia iodini, nikafunga kwa nguvu. Nikaketi kitandani, miguuni pa mgonjwa. Mtoto wao mchanga alikuwa amelala kapuni kando ya moto.

Giza likaingia…

Mbwa akabweka mara moja. Akanyamaza.

Halafu harufu. Mwani uliooza, na manyoya ya kondoo yaliyolowa. Mlango haukufunguka, lakini mbao za sakafu zililia… kwee… kwee… hadi kitandani.

"Usimtazame, daktari," Baldomero akanong'ona.

Nilitazama. Sikuona mtu. Niliona fundo langu likilegea taratibu, kama linafunguliwa na vidole visivyo na haraka.

Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilizidi. Miezi yote ile ya kwenda na kurudi! Nikaukumbatia mguu kwa mikono miwili. Kitu cha baridi kikagusa vidole vyangu, kikavibandua kimoja kimoja. Kila kidole kilichobanduliwa nilikirudisha.

"Nenda kwingine," nikasema, meno yameumana.

Kikasita.

Kikaondoka.

Tangu hapo bandeji haikuguswa. Kidonda kikapona, na viazi vilipokomaa Baldomero alivichimba mwenyewe. Nilijigamba kila nyumba niliyoingia.

Siku moja nikapita kuwajulia hali. Zoila akaniletea chicha, pombe yao ya tufaha. Alikuwa akichechemea. Nilimwambia aketi, apandishe sketi nione. Harufu ya kidonda ikanifikia kabla hajaketi. Nikafungua mkoba wangu.

Akaushika mkono wangu, bila ugomvi.

"Ulimwambia aende kwingine, daktari. Ndiyo amekuja kwangu." Akamtazama mtoto. "Ukinifunga mimi, atahamia kwa nani?"

Nilibisha. Nilisihi. Nilitishia kumleta padri. Baldomero alisimama mlangoni kwa miguu yake miwili mizima, machozi yanamtiririka.

Tulimzika Zoila kwenye mvua za Agosti.

Hadi leo, nikiitwa kwa mgonjwa, sigusi kitu kabla sijauliza ni nani wengine wanaolala nyumba ile.