Waliohudumiwa Jengo la Zamani

Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, msimamizi wa tovuti ya idara ya pensheni alibadili tarehe iliyo chini ya kurasa zote ili isomeke kwamba zimehuishwa siku hiyo. Hakuhuisha chochote. Alifanya hivyo kila Jumatatu.

Mwongozo wa tovuti za serikali ulitaka kila ukurasa uwe na mtu wa kuukagua, na ukurasa uliopitwa na wakati uondolewe. Idara ilikuwa na mkurugenzi, wasaidizi wake, na kamati ya mwongozo iliyokutana kwa maji ya chupa na karanga. Mkaguzi wa kurasa haikuwa naye. Kubadili tarehe kulimaliza kazi yote kwa kubofya mara moja, na mkurugenzi alikuita ubunifu.

Jumatatu hiyo ulikuwepo ujumbe wa shukrani. Muuguzi mstaafu aliandika kwamba alikwenda kufanyiwa uhakiki wa pensheni, hakukuta foleni, akapokelewa na dada mpole na kuambiwa asubiri kuitwa. Alikuwa amekwenda jengo la zamani, kama tovuti ilivyoelekeza.

Idara ilihama jengo la zamani miaka mingi iliyopita, paa lilipoanguka. Humo walibaki popo.

Ofisi nzima ilicheka. Karani wa masijala alisema mtu akiisifu idara hii apelekwe hospitali kabla ya kulipwa pensheni. Mkurugenzi hakucheka. Aliagiza shukrani hizo ziwekwe ukurasa wa mbele, kwa kuwa wiki hiyo wakaguzi walikuwa wanazipa alama tovuti za serikali. Kuhusu anwani, alisema isubiri kikao cha kamati.

Kesho yake binti wa muuguzi alifika kaunta. Alisema mama yake alirudi nyumbani, akageuza kiti kikatazama ukuta, akakaa hapo na mkoba mapajani, hali wala halali, ananuka wino wa muhuri na nywele zilizoungua. Jana jioni aliitika "Nipo", ingawa hakuna aliyesikia akiitwa, akatoka na hajaonekana tena. Karani alimjibu kwamba malalamiko yanapokelewa kwenye tovuti.

Msimamizi aliyasikia yote akiwa mezani kwake. Alikuwa anaipunguza picha ya mkurugenzi ienee kwenye fremu, akaendelea kuipunguza. Mchana dada yake alimpigia simu. Aliongea chini chini.

"Mama amerudi kutoka kwenye uhakiki. Njoo."

"Nani alimpeleka?"

"Alikwenda mwenyewe. Si wewe ulimwambia anwani ipo kwenye tovuti?"

Alikuwa amemwambia. Ndivyo alivyomjibu kila mtu, na kwa mama yake hakuona sababu ya kujisumbua zaidi.

Sebuleni mapazia yalikuwa wazi na jua limefika hadi chini ya makochi, lakini chumba kilikuwa na ubaridi wa stoo, na mama alikuwa kwenye kiti, pua ikikaribia kugusa ukuta, na harufu ya wino na nywele ilimtoka kila alipovuta pumzi, na nyuma ya ukuta ule, upande ambao hapakuwa na chumba bali uchochoro tu, kilisikika kiti kikisogezwa, kisha kingine, kisha kikohozi cha mtu aliyechoka kusubiri, kisha vikohozi vya wengi, na muhuri ukigongwa mmoja mmoja, taratibu, ukikaribia.

"Mama, inuka ule," alisema msimamizi.

"Sema polepole, mwanangu. Usinipotezee zamu."

"Zamu ya kwenda wapi?"

"Wakiniita wakanikosa, watamwita dada yako."

Dada ndiye aliyemleta mganga, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea. Hakufukiza kitu. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa upesi, akauliza ni nani aliyewaambia wakazi wa jengo lile kwamba wana kazi. Majini wa magofu, alieleza, hawana haja na binadamu. Hawa wameandikwa kuwa ofisi, wakaletewa watu, wakaanza kuhudumia.

"Anayeandika nani?"

"Mimi," alisema msimamizi.

"Basi futa kwa mkono wako. Leo. Usibadili neno. Futa."

Uwezo wa kufuta alikuwa nao, na ungemchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Alikwenda kuomba ruhusa.

Mkurugenzi alimsikiliza akiwa amesimama, koti begani. Alimpa pole ya mama, kisha akasema ukurasa ukikosekana alama zitashuka. Aliagiza iongezwe sentensi moja tu, kwamba huduma hii inaboreshwa. Msimamizi aliiongeza. Akabadili na tarehe.

Jumatano asubuhi dada alipiga simu akiwa amejifungia bafuni. Sauti yake ilikuwa nyembamba, maneno yakifuatana bila nafasi.

"Mama anasema wameboresha, mtu hawafuati tena huko jengoni, wanakuja wenyewe, na kuna mtu mlangoni, anabisha hodi kwa adabu sana, hajaacha tangu nianze kukupigia."

"Usifungue."

"Sifungui mimi."

Likasikika komeo likivutwa. Kisha sauti ya mama, nyepesi, kama ya mtu aliyesubiri mno na hatimaye amekumbukwa, ikasema, "Nipo."

Msimamizi aliufuta ukurasa hapo hapo, bila kumwuliza mtu. Dada alipotoka bafuni alikuta kiti kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa, na komeo lake la ndani lilikuwa limerudishwa.

Ijumaa tovuti ya idara ilitangazwa ya pili kwa ubora. Mkurugenzi alimpa msimamizi onyo la maandishi, kwa maelezo kwamba wangekuwa wa kwanza kama ukurasa mmoja usingekosekana. Tangu ulipofutwa, hakuna mstaafu aliyeripoti kuhudumiwa jengo la zamani. Muuguzi hajapatikana. Mama wa msimamizi hajarudi.