Mtamba Aliyezaliwa Pacha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorotea alifungua zizi, akapiga mluzi, na ng'ombe wakamfuata hadi kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, nje kidogo ya mji wa Magu. Mmoja wao, mtamba mweusi, alikuwa mali ya baba yake mkubwa, Mzee Luhende. Alimpa mama yake Dorotea amtunze, kwa makubaliano kwamba ndama wa kwanza angekuwa wa mtunzaji. Miaka mitatu ikapita. Ndama hakuna, na maziwa hakuna.

Jumamosi moja Mzee Luhende alikuja kumtazama mtamba wake. Akamkuta anawapanda ng'ombe wenzake na kuparua ardhi kwa kwato kama fahali.

"Ni wewe!" alimfokea Dorotea mbele ya majirani. "Msichana gani anapiga mluzi? Umemgeuza ng'ombe wangu dume! Namchukua leo, na ndama msahau!"

Ebo! Tangu lini mluzi ukageuza ng'ombe? Dorotea alipandwa na hasira. Miaka mitatu amemkatia majani, amemchotea maji, amemtoa kupe mmoja mmoja kwa vidole vyake, na leo anaitwa mharibifu!

"Nyamaza, mwanangu," mama yake, Teodora, alimnong'oneza. "Huyo ni mkubwa wako."

"Nitanyamaza, mama, lakini daktari wa mifugo aje kwanza. Akisema ni mimi, basi amchukue."

Majirani waliguna. Mzee Luhende aliona aibu kukataa mbele yao, akakubali.

Daktari Rozina alifika alasiri kwa pikipiki. Alimpima mtamba, akanawa mikono, akauliza, "Huyu alizaliwa peke yake?"

"Alizaliwa pacha na dume," alijibu Mzee Luhende. "Dume nilimtoa mahari mwanangu alipooa."

"Na hukuwaambia hawa?"

"Kwani linahusu nini?"

"Ndilo jambo lenyewe, mzee! Tumboni mwa mama yao, mishipa ya damu ya mapacha hawa iliungana. Homoni za dume, yaani kemikali zinazobeba maagizo mwilini, zikaingia kwa jike. Viungo vyake vya uzazi havikukua sawasawa. Hata ubongo wake, uliokuwa bado unajengeka, ukapata maagizo ya kidume. Ndiyo maana ana tabia za fahali. Majike wengi wanaozaliwa hivi hawazai kamwe. Mambo yalikwisha kabla hajazaliwa, mtoto wa watu anaingiaje hapo?"

Machozi yalimtoka Dorotea, lakini hakuinamisha kichwa.

"Baba mkubwa, umenitukana mbele ya watu wote hawa," alisema. "Na kosa si langu."

Mzee Luhende alivua kofia yake. "Nimekosa, mwanangu. Nisamehe. Majirani, mlinisikia nikimlaumu, basi nisikieni na sasa. Mtoto huyu hana hatia. Mimi nilitafuta wa kumlaumu kabla ya kuuliza."

Kesho yake alimrudisha mtamba mweusi kwake, akaleta ng'ombe mwingine mwenye mimba ya miezi mitano. Makubaliano yakabaki yale yale, ndama wa kwanza ni wa mtunzaji.

Teodora alimfunga ng'ombe mgeni, kisha akamgeukia binti yake.

"Jana nilikuambia unyamaze," alisema. "Nilikosea. Mheshimu mkubwa, mwanangu, lakini usikubali kubebeshwa kosa lisilo lako. Dai ukweli utafutwe, tena mbele ya watu wale wale waliosikia uongo."