Sumaku na Ubao wa Herufi

Kila jioni king'ora cha karakana ya reli kilipolia, Wivine alichukua chungwa akasimama mlangoni. Baba yake, Godefroid, akifika kwenye lango la ua, hakuambiwa "karibu" wala "pole na kazi". Kwanza alirushiwa chungwa. Akilidaka, ndipo salamu zilipofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile ya Makomeno, mtaa wa wafanyakazi wa reli, na majirani walikwisha kuizoea.

Godefroid alikuwa golikipa, tena si golikipa wa kuokoteza. Alianza na mpira wa matambara, akadakia timu ya reli, kisha akachaguliwa kuingia timu ya Kongo iliyopanda treni kwenda Ndola na Broken Hill kupambana na Warodezia. Watu wa mji wao, Elisabethville, walimwita Sumaku. Sasa ulikuwa mwaka 1957, na alikuwa amestaafu mpira miaka mitano. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa stesheni, akifuata ishara za bendera. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimepinda, na Wivine alikionea fahari kama nishani.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, chungwa nalo lilianza kuanguka. Mara ya kwanza Baba alicheka. Mara ya tatu lilimgonga kwenye paji la uso, wala hakucheka. Alimwita Wivine kando, Mama akiwa jikoni anasonga bukari.

"Mutoto wangu, macho yangu haione tena muzuri," alisema. "Na juma inakuya, bafanyakazi bote tutapita visite ya kupimwa macho kwa munganga. Muntu mwenye haone, kazi inaisha. Kazi ikiisha, nyumba nayo inaenda. Tutalala wapi?"

Wivine alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kusoma hakuna aliyemfikia katika darasa lake kwa masista. Baba alimwomba jambo moja tu: aende zahanati, anakili herufi za ubao wa kupimia macho. Wivine akaenda, akajikohoza kikohozi cha uongo, akarudi na mistari sita daftarini. Kwa siku nne walikariri. Mtu aliyewahi kuweka kichwani nani anapiga kushoto na nani anapiga kulia katika timu nzima ya Ndola, herufi zingemshinda wapi? Wivine alijiona shujaa.

Jumapili wakitoka misa walifika kwenye kivuko cha reli. Baba alitangulia, akisimulia kwa mara ya mia mechi ya Broken Hill. Kichwa cha treni kilikuwa kinarudi nyuma taratibu, na mshika bendera alisimama wazi kabisa, bendera nyekundu mkononi. Baba akaendelea kutembea. Wivine alimvuta koti kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto. Treni ikapita.

"Baba, haukuona bendera?" Wivine aliuliza.

"Bendera gani?" alijibu Baba.

Mchana ule Wivine hakula. Moyo wake ulikuwa vipande viwili. Akisema, huenda wakatolewa katika nyumba. Akinyamaza, Baba atarudi kati ya mabehewa akijua herufi zote, bila kuona bendera hata moja.

Jumatatu alimfuata Baba zahanati. Mwuguzi Adalbert, aliyekuwa shabiki mkubwa wa Sumaku enzi zake, alimsimamisha mbele ya ubao. Baba aliitiririsha mistari yote sita bila kukwama. Adalbert akatabasamu, akainua muhuri.

"Munganga, ngoja," alisema Wivine. "Baba hasome. Anajua kwa kichwa. Ni miye nilimufundisha. Jana hakuona bendera nyekundu, treni ilikaribia kumukanyaga."

Baba aliinamisha kichwa. Wivine alitamani ardhi ipasuke immeze. Adalbert aliweka muhuri chini, akageuza ubao. Upande wa pili ulikuwa na herufi nyingine.

"Soma sasa, Baba Wivine."

"Sione," alisema Baba kwa sauti ndogo.

Adalbert alimmulika macho kwa muda mrefu. Kisha akafungua sanduku la vioo vya kupimia, akamvalisha kimoja, akabadilisha, akabadilisha tena. Midomo ya Baba ikaanza kusogea. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano.

"Macho yako haina ugonjwa," alisema Adalbert. "Inaomba lunettes tu. Bantu mingi ya reli banavaa miwani, na banatumika kazi yabo. Mbona haukuuliza?"

Baba aliketi kwenye benchi akacheka huku machozi yanamtoka. Wivine naye alilia. Ilikuwa kama ametuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Njiani alingoja kugombezwa. Badala yake Baba alimwonyesha kile kidole.

"Hii sikukuambiaka," alisema. "Kilivunjika Ndola. Nilikifunga kitambaa, nikakificha ndani ya glavu, ili basiniache inje ya mechi ya Broken Hill. Kule, mpira wa mwisho ulipita hapahapa. Munganga wa kule alisema kama ningesema siku ileile, kingepona. Ndiyo mechi yangu ya mwisho."

Wivine alikitazama kidole.

"Bazee balisema: mficha maradhi, kifo humuumbua," Baba aliendelea. "Mara ya kwanza nilificha, nikapoteza mpira. Mara hii ningepoteza uzima, na weye nilikufundisha uongo. Nisamehe. Kuanzia leo, mu nyumba yetu, mwenye kuumwa aseme. Leo gardien wa goli ni weye, mutoto wangu."

Wiki mbili alizosubiri miwani, Baba alipewa kazi ya ghala. Jioni ya kwanza aliyorudi na miwani usoni, Wivine alisimama mlangoni, akarusha chungwa kwa nguvu, juu kidogo, upande wa kushoto. Mkono wa Sumaku ukalifuata, ukalidaka kwa vidole vyote, hata kile kilichopinda.

"Karibu, Baba," alisema Wivine. "Pole na kazi."