Dole Gumba la Yotamu

Chungu kilikuwa na shingo nyembamba. Hata mkono wa mtoto usingepita. Lakini ndani kabisa, kwenye udongo uliokuwa bado mbichi, palikuwa na alama ya dole gumba lenye kovu la mshazari.

Atuganile alikitazama, akakivunja, akaufinyanga udongo upya. Asubuhi iliyofuata alama ilikuwa palepale, safari hii ina masizi.

Dole lile alilijua. Mumewe, Yotamu, alijikata kwa shoka akipasua mianzi. Na Yotamu alikuwa na siku tisa kaburini, hatua ishirini kutoka mlangoni, katikati ya migomba yake.

Mambo yalikuwa hivi, bila kupamba. Mwaka ule wa 1911 Yotamu wa Ipyana aliugua kifua. Desturi ilitaka mdogo wake, Lameck, arithi nyumba, ng'ombe na mjane. Yotamu hakutaka. Alimwita Andrea, mwalimu wa shule ya misheni, akamwandikisha wasia: nyumba na migomba ni ya mke wangu Atuganile na binti yetu Felista, wala mke wangu asirithiwe na mtu. Maneno yalikuwa yake yote. Andrea akatoka kwenda kuchanganya masizi na mafuta ya nyonyo ili mgonjwa atie dole. Aliporudi, mgonjwa alikuwa amekata roho, mkono umenyooshwa, unangoja.

"Mwalimu," Atuganile alinong'ona, "bado ana joto."

Wakalishika dole, wakalibonyeza kwenye karatasi. Wasia ulikuwa wa kweli, alama ilikuwa ya uongo. Watu hupenda kuyachanganya mambo hayo mawili wakisema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Na kwa haraka ya kuficha, wakasahau hata kumnawisha mkono. Yotamu akazikwa na masizi kidoleni.

Lameck aliukataa wasia. Shauri likawekwa Ijumaa, mbele ya Mjerumani wa boma. Kila siku Lameck alipita uani.

"Shemeji, ndizi zangu hazijambo? Mkeka nimeshaukunja. Ijumaa nahamia."

"Hamia zizini," Atuganile alimjibu.

Kukimbilia kwao ufukweni hakuweza. Mto ulikuwa umefurika, hauvukiki kwa miguu, na akiondoka kabla ya shauri, Lameck angesema ameiacha nyumba. Basi alikaa. Alhamisi mvua haikukatika tangu alfajiri, na harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyoungua ikajaa ndani, ikaingia hata kwenye maji ya kunywa, na kila alipogeuza macho palikuwa na alama mpya, kwenye nguzo ya mlango, kwenye kibuyu cha maziwa, kwenye ndizi aliyokuwa ameishika akiimenya, ta, ta, ta, kama kipofu anayepapasa akitafuta kitu kilichokuwa mbele yake sasa hivi, na mlio ule mdogo ukauzunguka ukuta wa mianzi polepole hadi ukafika pale Felista alipokaa, ukanyamaza.

"Mama," mtoto alisema kwa sauti ya chini, "nani ananibonyeza?"

Kwenye paji la uso wake palikuwa na doa jeusi, lenye mstari wa mshazari.

Adhuhuri hiyo shangazi wa Atuganile, Rut, aliyepelekewa habari, aliwasili kwa mtumbwi. Alikuwa mfinyanzi mzee wa ufukweni, mtu wa kuitwa nyumba inapoingiliwa na mzimu. Alizunguka akinusa, kisha akamvuta Atuganile karibu na moto, akamtaka aeleze yote.

"Huyu hana ubaya. Alikufa akingoja kutia dole. Mmelitumia bila kumwambia, basi bado anangoja. Kesho sema mbele ya watu: Yotamu alikuwa amekwisha kufa. Atasikia, atakwenda."

"Na Lameck?"

"Lameck atakuja na mkeka wake."

"Na nisiposema, shangazi?"

Rut alishusha sauti zaidi. "Nyamaza ukitaka. Ila usimwite maiti mtu hai mbele ya baraza. Hilo sina dawa yake."

Ijumaa alimwacha Felista na Rut, akaenda bomani. Andrea aliapa akitazama miguu yake mwenyewe. Atuganile akatoa chungu ambacho Yotamu alikibonyeza kwa utani mwaka wa ndoa yao, udongo ukiwa mbichi. Wazee wa baraza wakalinganisha. Kovu lilikuwa lilelile.

Mkalimani akauliza, "Alipotia dole hili, alikuwa hai?"

Atuganile alifungua kinywa aseme kweli. Hapo akamwona Lameck mstari wa mbele, mkeka kwapani. Ameuleta kweli! Anatabasamu!

"Alikuwa hai," alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Yotamu alikuwa hai! Alitia kwa mkono wake!"

Muhuri ukapigwa. Lameck akautupa mkeka topeni, akaondoka bila kuaga.

Atuganile alirudi mbio, karatasi kifuani. Alimkuta Rut amesimama uani, analowa, amejikunyata.

"Umesema nini huko?" Rut alinong'ona. "Nimetoka kuchukua kuni, mlango ukafungwa kwa ndani. Mtoto yumo."

Moshi ulikuwa ukipanda paani. Ndani Felista alikuwa anacheka, kisha akaacha kucheka. Mlango ukasogea kidogo, na dole jeusi likatokea ukingoni.

"Ugonile, mama Felista," sauti ikamwamkia, kama alivyomwamkia kila asubuhi ya ndoa yao. "Mbona umechelewa?"

Angeweza kupiga kelele kwamba huyu amekufa. Lakini karatasi ilikuwa kifuani mwake, na muhuri juu yake, na ilisema vingine. Nyuma yake Lameck, mbele yake mtoto.

Akainama, akaingia. Mlango ukafungwa.

Rut alibaki mvuani akisikiliza. Kisha akamsikia Atuganile akiuliza, kwa sauti ndogo, kama mke yeyote:

"Utakula nini?"